Mizani nane za José Martí: uchambuzi wa kisa cha darasa moja la Kihispania

Tuchukue darasa hili. Watu wazima 16, wote wazungumzaji wa Kiswahili, wanasoma Kihispania jioni. Wamemaliza kiwango cha A2, ngazi ya pili kati ya sita za kupima lugha, na wanaanza kugusa B1, ngazi ya tatu: wakati uliopo wanaumudu, wakati uliopita wanaubahatisha, na msamiati wao ni wa sokoni, hotelini na nyumbani. Mwalimu anataka kuwapa shairi lao la kwanza na ana vipindi viwili vya dakika 60. Amechagua shairi la 39 katika Versos sencillos, kitabu cha mashairi 46 ambacho Mkuba José Martí alikichapisha New York mwaka 1891. Shairi lenyewe ni mishororo minane tu:

Cultivo una rosa blanca,
en julio como en enero,
para el amigo sincero
que me da su mano franca.

Y para el cruel que me arranca
el corazón con que vivo,
cardo ni oruga cultivo:
cultivo la rosa blanca.

Kwa msomaji asiye na Kihispania, maana yake ni hii: natunza waridi jeupe, Julai kama Januari, kwa rafiki wa kweli anipaye mkono wake wazi; na kwa mkatili aning'oaye moyo ninaoishi nao, situnzi mbaruti wala kiwavi: natunza lile waridi jeupe.

Kipindi cha kwanza kinaharibika, na kinaharibika kwa njia ya kawaida kabisa. Mwalimu anagawa shairi likiwa na tafsiri ya Kiswahili pembeni. Dakika 20 zinaishia kwenye maisha ya Martí. Anasoma kwa sauti mara moja, anauliza "mshairi anahisi nini?", darasa kimya. Ili kuliamsha, anawaambia wahesabu mizani, na anawahakikishia kwamba kila mshororo una 8. Wanahesabu. Wanapata 9, 10, 9, 8, 11, 8, 9, 8. Mmoja anasema kwa upole kwamba huenda mshairi aliteleza. Mwalimu anajibu kwamba Kihispania kina sheria zake, na muda unakwisha.

Tuanze na namba zile, maana ndizo zenye dawa. Kwa kanuni ya Kiswahili hesabu ya wanafunzi haina kosa. Katika ushairi wetu kila irabu inasimama peke yake: "jeupe" ni je-u-pe, "kuelewa" ni ku-e-le-wa, wala mpaka wa neno na neno haumezi kitu. Mtu aliyelelewa na sikio hilo akikutana na "Cultivo una" atasema cul-ti-vo-u-na, tano. Mhispania anasema cul-ti-vou-na, nne. Irabu ya mwisho ya neno moja na ya mwanzo ya neno linalofuata huingia kwenye pigo moja la sauti, na jambo hilo huitwa sinalefa. Si ruhusa maalumu ya washairi. Ndivyo watu wanavyozungumza mitaani Havana na Madrid.

Hapo wanafunzi wanaojua ushairi wa Kiswahili hukimbilia inkisari, ule ufupishaji wa neno ili mizani itimie. Mwalimu awazuie mapema. Inkisari hukata: "mkono wake" inakuwa "mkonowe", na kilichokatwa hakisikiki tena. Sinalefa haikati. Irabu zote mbili husikika, ila zinasafiri pamoja. Mwanafunzi anayesema "cultiv'una" amepata 8 kwa kuiba, na Mhispania akimsikia atadhani amesahau mwisho wa kitenzi.

Sasa namba zinafunguka zenyewe. Mshororo wa kwanza, 9, unaunga mara moja (vo-u) na kuwa 8. Wa tatu vivyo hivyo, kwenye "para el", na wa saba kwenye "ni oruga". Wa pili una 10 kwa sababu mbili tofauti: "julio" kwa Kihispania ni silabi mbili, ju-lio, si tatu, kisha "como en" inaungana. Wa nne, wa sita na wa nane tayari ni 8 bila kuunga chochote. Wa tano ndio mgumu kuliko yote: y-pa-ra-el-cru-el-que-me-a-rran-ca, 11. Unga "para el", unga "me arranca", umebaki na 9. Ile moja inayozidi imo ndani ya "cruel", neno ambalo Wahispania wengi hulitamka kwa silabi mbili lakini hapa lazima liwe moja. Mwalimu asiyejua hilo kabla ya kuingia darasani ataaibika mbele ya mwanafunzi makini.

Kwa hiyo somo lisianze na mshororo wa kwanza. Lianze na wa nne, wa sita na wa nane, iliyo 8 kwa hesabu ya pande zote mbili. Sikio likishatulia kwenye pigo la nane, likipewa mshororo wa kwanza lenyewe litaisikia ile irabu ya ziada na kutafuta pa kuibana. Mwanafunzi akishaibana mwenyewe, hahitaji kuhutubiwa juu ya sinalefa.

Kuna kanuni nyingine ambayo shairi hili halionyeshi, na inabidi iletwe kutoka kwingine. Mshororo ukiishia kwa neno lenye mkazo silabi ya mwisho (aguda), huongezwa 1. Ukiishia kwa neno lenye mkazo silabi ya tatu kutoka mwisho (esdrújula), hupunguzwa 1. Mkazo ukiwa silabi ya pili kutoka mwisho (llana), hesabu inabaki ilivyo. Mishororo yote minane hapa ni llana. Chukua basi ubeti wa pili wa shairi la kwanza katika kitabu hichohicho: "Yo vengo de todas partes, / y hacia todas partes voy". Mshororo wa pili una 7 kwa kuhesabu, lakini "voy" ina mkazo mwishoni, kwa hiyo ni 8. Wanafunzi wetu huona huo ni uchawi wa namba, kwa kuwa mkazo wa Kiswahili karibu kila mara umekaa silabi ya pili kutoka mwisho na mizani haijawahi kuujali. Mfano unaofungua njia ni neno "barabara": likitamkwa kwa mkazo kwenye "ba" ya pili ni njia ya magari, likitamkwa kwa mkazo kwenye "ra" ya kwanza ni sawasawa. Waambie walitamke mara tatu tatu. Wakisikia mkazo ukihama, watakubali kwamba kuna lugha ambazo mkazo unahesabiwa.

Neno moja la istilahi, kwa haraka. "Verso" ya Kihispania ni mshororo, na ubeti ni "estrofa". Waliopitia Kiingereza huchanganya hapa, na mtihani mzima unaweza kwenda kombo kwa sababu mtu kaambiwa ataje "el segundo verso" naye akaeleza ubeti wa pili.

Vina navyo vinadanganya, tena kwa upole zaidi, kwa sababu jibu linatoka sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Mwulize mwanafunzi mpangilio wa vina: abba, acca. Vizuri. Mwulize aliupataje, atakuambia "ca" na "ro" na "vo", yaani silabi ya mwisho, kama tunavyofanya sisi. Kina cha Kihispania huanzia kwenye irabu yenye mkazo hadi mwisho wa neno: si "ca" bali "anca", si "ro" bali "ero". Kosa hili halionekani hadi uwaambie watafute neno jipya la kukaa pamoja na "blanca". Wataleta "boca" na "vaca", ambayo kwa Kiswahili yangepita bila kipingamizi. Yanayofaa ni "palanca" au "barranca". Kwa "enero", "dinero" linafaa na "libro" halifai. Zoezi hilo linakula dakika nne na linafundisha kuliko kielelezo ubaoni. Ile aina nyingine ya kina, inayotaka irabu tu na kuziacha konsonanti, ihifadhiwe kwa siku ya romance, shairi la Kihispania la masimulizi linalotumia kina hicho. Ukiileta leo utafuta ulichokwisha kujenga.

Kipindi kikipangwa upya

Kabla ya yote, kagua matini. Nakala za shairi hili zinazozunguka hazifanani: nyingine zina "junio" badala ya "julio", nyingine "ortiga" badala ya "oruga", na nyingine zinaandika "una" katika mshororo wa mwisho kama ilivyo katika wa kwanza. Mabadiliko yote hayo yanahifadhi mizani, ndiyo maana hayashtui mtu. La mwisho, hata hivyo, linaua nusu ya somo, na tutaliona hivi punde. Fuata toleo la 1891.

Andaa vipande vinane vya karatasi, kila kimoja na mshororo mmoja, maandishi ya ukubwa wa pointi 18, nafasi pana kati ya neno na neno ili penseli iweze kuchora upinde. Herufi zote ziwe ndogo na alama za uakifishaji ziondolewe, la sivyo herufi kubwa na nukta zitapanga shairi badala ya wanafunzi. Darasa la 16 linatoa jozi nane, na kila jozi inapata kipande kimoja. Jozi ya mshororo wa tano iwe imara, au mwalimu aubakize wa kwake.

Dakika 6 za kwanza hakuna karatasi. Mwalimu anasoma shairi mara mbili, mwendo wa kawaida, na darasa linagonga meza kidogo kwa kidole kila silabi. Usisome polepole kwa huruma. Ukisoma polepole irabu zinaachana na sinalefa inapotea, kisha utalaumu wanafunzi kwa kutoisikia. Dakika 10 zinazofuata ni za mishororo ya nne, sita na nane ubaoni. Halafu kila jozi inachora pinde kwenye kipande chake hadi ifike 8, dakika 8. Kisha wanasimama na kujipanga wenyewe, vipande mkononi, hadi shairi lipatikane. Tenga dakika 15 na usiwasaidie.

Hapo ndipo darasa linapoamka, kwa sababu kuna mtego. "Cultivo una rosa blanca" na "cultivo la rosa blanca" zinalingana kwa mizani na kwa kina. Ukizibadilisha nafasi, hakuna kinachovunjika isipokuwa neno moja dogo. Darasa hugawanyika. Kiswahili hakina "una" wala "la", kwa hiyo macho ya wanafunzi wetu yamezoea kuruka maneno hayo kama vumbi, na tafsiri ya pembeni ya kile kipindi cha kwanza iliwaambia "natunza waridi jeupe" mara zote mbili. Kwa Kihispania "una" huleta ua ambalo hatujalisikia. "La" hurudi kwenye ua tunalolijua tayari. Yaani, lile lile. Adui hapewi waridi lake la pembeni, dogo, la kumfukuzia. Anapewa la rafiki. Shairi zima limening'inia kwenye herufi mbili, na mwanafunzi wa A2 anaweza kuliona hilo bila msaada ikiwa hajapewa tafsiri. Ndiyo sababu tafsiri haigawiwi.

Dakika zinazobaki ni za matamshi, na hapa Mswahili ana mtaji ambao wanafunzi wengi wa lugha nyingine hawana. J ya "julio" inakaribia kh ya "kheri". G ya "amigo" na "oruga" ni gh ya "ghali" iliyolegezwa. D ya "me da" ni dh ya "dhahabu", laini. Z ya "corazón" huko Hispania katikati na kaskazini ni th ya "thamani", lakini Martí alikuwa mtu wa Havana na huko ni s. Mwalimu achague moja na asiyumbe. Shida iko kwenye r. "Rosa" na "arranca" zinataka r ya kuviringisha, "corazón" na "oruga" zinataka ya kugusa mara moja. V ya "vivo" na "cultivo" hutamkwa kama b nyepesi, na wanafunzi husahau kila wanapoliona neno limeandikwa.

Adui anapewa nini?

Kipindi cha pili kianze na swali hilo, kwa maandishi, sentensi moja, kila mtu peke yake, kabla ya mjadala. Wengi wataandika kwamba adui anapandiwa mbaruti. Wengine wataongeza kiwavi. Wapo hata walioikamata ile "la" jana na leo wanaandika mbaruti bila kuona mgongano.

Usicheke, na usiseme "someni tena". Kosa lina chanzo. Kiswahili hubeba ukanushi ndani ya kitenzi: "silimi", "sipandi", "situnzi". Msomaji wetu akitaka kujua kama sentensi inakanusha, anatazama kitenzi. Anakuta "cultivo", kisicho na alama yoyote, na hakuna "no" mbele yake. Anahitimisha kwamba mbaruti unalimwa. Isitoshe, maana hiyo inaonekana ya haki: jino kwa jino. Sarufi iliyoeleweka vibaya na matarajio ya kawaida ya binadamu vinashikana mikono, ndiyo maana kosa hili ni gumu kung'oka.

Njia ya kulitatua ni kuliweka kwanza katika mpangilio wa kila siku: "No cultivo ni cardo ni oruga." Wote wataelewa. Kisha hamisha: "Ni cardo ni oruga cultivo." Waeleze kwamba neno la kukanusha likitangulia kitenzi, "no" huondoka, kama katika "nadie viene" na "nunca como carne", ambazo wameshazizoea. Hatua ya tatu, ondoa "ni" ya kwanza, na umefika kwa Martí. Hatua tatu ubaoni, mistari mitatu, dakika saba. Kisha rudisha karatasi zao na uwaache wasahihishe wenyewe.

"Oruga" inahitaji maelezo mafupi. Ni kiwavi, lakini pia ni jina la mmea wa majani unaoliwa kama mboga. Ikiwa jirani na "cardo" na kufuatwa na "cultivo", mmea unakaa vizuri kuliko mdudu, ingawa kiwavi, mla maua, hajafukuzwa kabisa. Nisingetumia zaidi ya dakika mbili hapo. Neno linalostahili muda ni "arranca". Kamusi nyingi ndogo zitampa mwanafunzi "nyakua" au "toa", na kwa kutaka uzuri mwingine ataandika "anayeniumiza". Kiswahili kina neno lake hasa: kung'oa. Tunang'oa jino, tunang'oa muhogo, tunang'oa magugu. Katika shairi lenye mtunza bustani, adui ni mtu anayeng'oa, na anachong'oa ni moyo. Tazama pia mwisho wa mshororo: "arranca" inabaki hewani, haijulikani kimeng'olewa nini, hadi mshororo wa sita uanze na "el corazón". Msomaji asitue pale. Wanafunzi wetu hutua, kwa sababu mshororo wa Kiswahili hupenda kujitosheleza.

"Julio" na "enero" ni mwaka mzima, basi. Kwa mtu wa pwani yetu Julai ni kipupwe na Januari ni joto la kaskazi, kinyume cha New York, lakini maana inasalimika.

Maisha ya mshairi yaje sasa, si kabla, na dakika tano zinatosha. Mwaka 1870, akiwa na miaka 17, Martí alifungwa na Wahispania na kupelekwa kuvunja mawe machimboni. Mwaka uliofuata alihamishiwa Hispania. Mwaka 1891 alichapisha shairi la waridi kwa mkatili. Mwaka 1892 alianzisha Chama cha Mapinduzi cha Kuba, na Mei 1895 aliuawa vitani Dos Ríos. Swali la kuwaachia: mtu huyo alijipinga? Jibu lao liandikwe kwa Kihispania, sentensi tatu, na lazima litaje angalau neno moja kutoka shairini. Bila sharti hilo watazungumza siasa kwa Kiswahili hadi saa iishe.

Kupima kama sinalefa imeingia, usitumie shairi hilihili, wameshalikariri. Toa mshororo wasioujua kutoka shairi la kwanza: "Yo he visto en la noche oscura". Kwa hesabu yetu ni 11. Anayechora pinde tatu (yo he, visto en, noche oscura) na kufika 8 ameelewa. Katika alama 10, weka 4 kwa pinde na jumla, 2 kwa vina vya ubeti wake, na 4 kwa sentensi moja ya maana yenye ushahidi. Anayeandika "8" bila pinde apewe sifuri ya kipengele hicho. Alijua jibu kabla ya swali.

Zikibaki dakika 20, wapeleke upande wa pili: ubeti wa kwanza kwa Kiswahili, mizani 8 kila mshororo, vina viachwe. Ukidai vyote viwili kwa muda huo hutapata kitu. "Natunza waridi jeupe" ni 9, kwa hiyo waridi linageuka ua: "Natunza ua jeupe". Mshororo wa pili unaanguka mahali pake kana kwamba ulikuwa unasubiri, "Julai na Januari". Wa tatu, "la rafiki aso hila". Wa nne ndio unaokwamisha kila kundi. "Anipaye mkono wazi" ni 9, kwa kuwa m ya "mkono" inahesabiwa, na wasiokumbuka hilo watabisha. "Mwenye mkono wazi" ni 7. Hatimaye mtu atapata "anipaye mkonowe", mizani 8 kamili, "su mano" neno kwa neno, na "franca" itakuwa imetoka nje ya shairi. Waulize kama wanakubali bei hiyo.